Mtamba Mweusi wa Matonya

Jumapili ya tarehe 24 Julai 1910, jina la Matonya, mchunga ng'ombe wa Miyuji, lilikatwa kwa mstari mmoja wa wino katika orodha ya watu kumi na mmoja waliokuwa wakingoja kubatizwa. Kando ya mstari huo mwalimu wa kanisa aliandika sababu: "Ameleta ng'ombe wa tambiko."

Ng'ombe mwenyewe alikuwepo. Alikuwa mtamba wa miezi kumi na tisa, mweusi mwili mzima isipokuwa doa jeupe chini ya tumbo, na wakati mwalimu anaandika alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya mlango wa kanisa, akilamba ukuta wa udongo kutafuta chumvi.

Matonya alikuwa kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Mwaka wa sotoka, ng'ombe walipokufa Ugogo nzima, yeye alikuwa na miaka minne hivi. Homa ilimshika, masikio yakatoka usaha, na ilipopoa hakusikia tena. Maneno machache aliyokuwa nayo yalimtoka mdomoni moja moja mpaka yakaisha. Alipofika miaka kumi watu walimwita Bubu kana kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi.

Machungani hali yake haikumpunguzia kitu. Alijua kwa nyayo za miguu yake kwamba kundi limeshtuka, na alimwona fisi kabla ya wenzake kwa sababu muda wote macho yake yalikuwa kazini. Shida ilianza penye watu. Katika ngoma alitazama miguu ya wenzake ili ajue mdundo. Katika mashauri ya ukoo aliwekwa nyuma, pamoja na watoto. Posa mbili zilivunjika kabla ya kufika mbali, na mara zote mbili sababu ilisemwa mbele yake, waziwazi, kwa kuwa wasemaji walijua hasikii.

Nyumbani alizungumza kwa mikono. Dada yake, Yudith, aliyemzidi miaka mitatu, ndiye aliyeitunga lugha hiyo pamoja naye. Mungu alikuwa kiganja kilichoinuliwa juu, kisha vidole vikishuka kama mvua. Yudith mwenyewe alikuwa kidole kwenye pengo la meno ya chini, ingawa pengo hilo, la kung'olewa meno kwa mila, kila Mgogo alikuwa nalo. Mwalimu wa kanisa, Petro, alitajwa kwa kulivuta sikio mpaka karibu na bega. Petro alikuwa ametoboa na kunyoosha ndewe za masikio yake ujanani, na alipobatizwa alivua mapambo yote, zikabaki zinaning'inia tupu.

Yudith alikuwa Mkristo. Alikaa miaka minne Mpwapwa, kwenye misheni, akajifunza kusoma na kushona, akarudi mwaka 1909 akiwa ameolewa na Filipo, fundi wa kupanga mataruma, vyuma vinavyolazwa chini ya reli. Aliporudi alianza kwenda kanisani kila Jumapili, jengo dogo la tembe lililokuwa mwendo wa saa moja kutoka Miyuji. Matonya alimfuata, kwanza ili kumsindikiza tu, baadaye kwa hiari yake. Yudith alimuuliza anapata nini mahali ambapo kazi yote ni kuimba na kusikiliza. Jibu lake Yudith alilikumbuka maisha yake yote: kuna wakati watu wote hupiga magoti na kunyamaza kwa pamoja, na wakati huo yeye na wao huwa sawa.

Kwa hiyo akaandikwa miongoni mwa wanafunzi wa ubatizo. Petro hakupenda sana. Yeye alifundishwa kwamba imani huingia kwa masikio, na hakuona mlango mwingine. Lakini Emilia, mjane aliyekuwa na mguu mmoja uliokauka tangu utotoni na aliyefika kanisani kwa kujiburuta juu ya kipande cha ngozi, alimkatiza mbele ya watu.

"Mwalimu, mimi nilipobatizwa hukuniuliza nitaingiaje mbinguni, kwa kutembea au kwa kubebwa. Leo unamuuliza huyu ataingilia sikio lipi?"

Watu walicheka na Petro akaandika jina.

Tarehe 24 Julai ilikuwa siku mbili kwa moja. Kasisi, Mzungu aliyezunguka nchi nzima ya Ugogo na kufika hapo kupima wanafunzi mara mbili tu kwa mwaka, alikuja kwa kazi hiyo. Pia ilikuwa siku ya sadaka ya mavuno. Watu walileta walichovuna: uwele, mtama, maboga, kuku waliofungwa miguu. Matonya alikuja akimvuta mtamba mweusi.

Mtu wa nchi nyingine angeona ng'ombe tu. Wagogo waliokuwa kanisani waliona jambo lingine. Ng'ombe mweusi anapopelekwa mahali pa maombi wakati wa kiangazi, kila mtu anajua safari hiyo ni ya nini: weusi wake ni weusi wa wingu, na damu yake inaombewa mvua. Mvua za mwaka ule zilikuwa chache. Tena baba yao Matonya na Yudith, katika uhai wake, alikuwa mmoja wa wale waliotoa ng'ombe weusi kwa tambiko kwenye mawe ya ukoo. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Waliona mwana amefuata njia ya baba yake, ila amekosea mlango.

Petro alimgeukia Yudith. "Mwulize kaka yako analeta nini hapa."

Yudith aliuliza kwa mikono. Matonya alijibu haraka, uso umechangamka: shimo, mchanga, ng'ombe mweusi, damu ikitiririka. Yudith aliona damu na ng'ombe mweusi, akaona uso wa kasisi na macho ya watu mia moja, akaona mawe ya baba yake. Akainama.

"Sijui, Mwalimu," alisema. "Sijui anasema nini."

Kasisi alimuuliza Petro maana ya ng'ombe mweusi, Petro akamweleza ukweli kama alivyoujua. Wino ukapita juu ya jina.

Wa kumweleza Matonya kosa lake alikuwa Yudith tu, maana wengine hawakuwa na ishara zake, naye hakuthubutu. Alijua tu kwamba siku ya ubatizo wenzake kumi walivaa nguo nyeupe na yake haikuwepo. Alimrudisha mtamba zizini. Jumapili iliyofuata alikuja tena, akakaa nyuma kabisa, akapiga magoti wengine walipopiga magoti. Alifanya hivyo miezi saba bila kukosa, isipokuwa Jumapili mbili ambazo fisi alikuwa akizunguka kundi.

Yudith ndiye aliyekuwa na haraka. Reli ya Wajerumani ilikuwa imekwisha kufika Dodoma na sasa ilikuwa ikielekea magharibi, na Filipo alikwenda nayo. Mwanzoni mwa Februari 1911 alituma neno kwamba mke wake amfuate baada ya mwezi mmoja. Kasisi angefika tena tarehe 26 Februari. Yudith akiondoka, asingebaki mtu hata mmoja katika kanisa lile anayejua mikono ya Matonya inasema nini. Kama asingepokewa safari hii, hakukuwa na sababu ya kudhani kwamba angepokewa siku nyingine yoyote.

Alijaribu kumuuliza tena habari ya ng'ombe. Matonya alirudia ishara zilezile: shimo, mchanga, mweusi, damu. Yudith alijua kwamba kaka yake aliwahi kufukiwa na kisima, miaka miwili na nusu nyuma, wakati yeye akiwa Mpwapwa. Kovu la bega alikuwa ameliona. Lakini ng'ombe aliingiaje humo? Kila alipofika hapo alimwona baba yake tena, na kisu, na mawe. Akaacha kuuliza. Alikuwa akiogopa kupata jibu.

Katikati ya Februari akaja Abbasi. Huyu alikuwa Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyewapelekea wajenzi wa reli nyama. Matonya alimswagia ng'ombe kwa misimu minne ya kiangazi.

"Hodi, wenye ng'ombe!"

Yudith alikuwa akitwanga uwele. "Karibu, Mzee Abbasi. Shikamoo."

"Marahaba, binti. Bubu wangu yuko wapi?"

"Ana jina, Mzee."

"Najua ana jina. Lakini nikimwita Matonya hageuki, na nikimwita Bubu hageuki. Sasa nihangaike na lipi?"

Yudith hakutaka kucheka, ila alicheka. Abbasi alikwishafika zizini. Wanunuzi wa ng'ombe hawawezi kupita zizi bila kuchungulia. Aliinama chini ya tumbo la mtamba, akaliona doa jeupe.

"Huyu si mtoto wa yule mama mweusi niliyempa Matonya?"

"Ndiye."

"Mbona bado yuko hapa? Alipozaliwa tu, Matonya aliniambia ndama huyu si wake. Ni wa Mungu."

Mchi wa Yudith ulisimama hewani. "Mzee, alikwambiaje?"

Abbasi aliinua kiganja juu, akashusha vidole kama mvua. "Hivi. Tumetembea pamoja miaka minne, unadhani tulikuwa tunatazamana tu?"

"Lakini kwa nini mweusi?"

"Kwa nini mweusi?" Abbasi alimtazama kama mtu anayepimwa akili. "Kwa sababu mama yake ni mweusi, binti! Ulitaka ng'ombe mweusi azae mbuni?"

Kisha alimsimulia. Septemba 1908 walikuwa wakiswaga kundi kutoka Kondoa kuelekea kambi za reli. Adhuhuri walifika kwenye mto wa mchanga, ule ambao maji yake hupatikana kwa kuchimba. Matonya alishuka kisimani kuteka, kama kawaida yake, na ng'ombe walipokwisha kunywa wenzake walilisogeza kundi kivulini na kulala. Yeye alibaki chini kujaza vibuyu. Ukingo wa mchanga ukaporomoka, ukamfukia mpaka kidevuni.

"Mwingine angepiga kelele," Abbasi alisema. "Yeye apige vipi? Na hata kama tungekuwa tunamwita, angejuaje kwamba tunakuja? Mimi, nisiseme uongo mbele yako, sikumtafuta yeye. Nilikuwa namtafuta ng'ombe. Yule mweusi hakuwamo kundini, na alikuwa na mimba, nikasema ataibiwa. Nikarudi nyuma, nikamkuta amesimama ukingoni mwa kisima. Mguu umechanwa na kisiki, damu inatiririka mpaka ndani ya shimo, na hataki kuondoka. Nikachungulia nione anatazama nini. Nikaona kichwa cha ndugu yako."

"Damu ilikuwa ya mguu," Yudith alisema.

"Ya nini tena?"

Yudith alilaza kinu, akakaa juu yake, akacheka mpaka Abbasi akaanza kuwa na wasiwasi. Alicheka kama mtu aliyebeba kuni kutoka mbali na kuzitua. Baba yake na mawe yake hawakuwamo kabisa katika habari hii. Kaka yake hakuwa na siri. Alikuwa akimwambia jambo moja, waziwazi, kwa miezi saba.

Jioni ileile alikwenda kwa Petro na kumweleza yote. Petro alisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye ndewe ya sikio.

"Nakuamini," alisema. "Lakini kasisi atasema wewe ni dada, unaondoka, umemtungia kaka yako hadithi. Na Julai ulisema hujui. Mlete yule Mrangi."

"Ni Mwislamu, Mwalimu."

"Ng'ombe aliyeanguka kisimani hamuulizi dini yake anayemvuta."

Kumpata Abbasi kulikuwa kugumu zaidi. "Mimi nikaingie kanisani nibatize watu?" aliuliza. "Nikirudi Kondoa nimwambie nini mke wangu?"

"Mwambie ulikwenda kuuza maneno," Petro alimjibu. "Warangi mnauza kila kitu."

"Na nyinyi Wagogo mnamsikia ng'ombe akipiga chafya Mpwapwa, lakini mtu aliyekaa mbele yenu miezi saba hamumsikii." Kisha akasema atakuja.

Tarehe 26 Februari mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Abbasi alivua viatu mlangoni kwa mazoea. "Vua ukipenda," Emilia alimwambia kutoka kwenye ngozi yake, "ila sakafu yetu ina viroboto na hawabagui." Yudith aliambiwa akae nje, ili asionekane akimsaidia kaka yake. Alikaa ukutani, kwenye matope, na kutoka hapo aliweza kusikia lakini hakuweza kuona.

"Nitasema anachosema yeye," Abbasi alimwambia kasisi. "Asilosema silisemi, hata kama nyote mtanikazia macho."

Kasisi alianza na ng'ombe. Kwa nini mweusi? Abbasi aliuliza kwa mikono, Matonya akajibu kwa mikono, na Abbasi akasimulia kisima kama Matonya alivyokiona kutokea ndani: duara dogo la mbingu, na katika duara hilo kichwa cha ng'ombe ambacho hakikuondoka. Huyu ni mtoto wa yule. Watu walileta walichovuna, naye alileta alichovuna.

Wagogo waliokuwa ndani walianza kunong'onezana. Kila mmoja alikuwa akimweleza jirani yake kwamba yeye tangu mwanzo hakuamini habari ya tambiko.

Petro aliinuka. Hakuwa mtu mbaya, na hili ndilo lililomsumbua kwa kweli tangu siku ya kwanza. "Mwulize, huko chini alimwita Mungu?"

"Amwite kwa nini?"

"Kwa mdomo. Anayeokolewa ni yule anayeita."

"Mwalimu, mdomo ulikuwa karibu kujaa mchanga. Hata wewe na masikio yako ungenyamaza."

"Mwulize."

Abbasi aliuliza. Matonya alifikiri. Kisha aliweka kiganja juu ya mdomo wake na kukiacha hapo. Akatoa mkono wa pili, vidole viwili vikitembea, vikija kwake, vikimfikia. Akafanya ishara ya kuvuta.

"Anasema," Abbasi alitafsiri, kisha akasita, akamtazama Matonya kuhakikisha. "Anasema: Sikuita. Nilijiwa."

Kanisa lilikuwa kimya. Nje, Yudith alifikiri wamepiga magoti.

"Nani alimjia?" kasisi aliuliza, kwa sauti ya chini.

Matonya alimnyooshea Abbasi kidole. Halafu akainua kiganja, akashusha vidole.

"Ananionyesha mimi," Abbasi alisema. "Na juu ya hapo anasema nilitumwa." Alikohoa. "Hilo, Bwana kasisi, hata mimi sina neno nalo. Mimi nilifuata ng'ombe."

Kasisi aliichukua kalamu. Alisema kwamba kati ya wote aliowapima Ugogo mwaka ule, hakuna aliyemjibu swali hilo vizuri zaidi, na kwamba wengi waliojibu vibaya walikuwa na sauti nzuri sana. Akamwambia Petro aliandike jina upya. Petro aliandika haraka hata wino ukamdondokea kwenye kanzu. Hakulijali doa hilo. Watu waliomjua walisema uso wake ulilainika mchana ule kuliko walivyouona tangu mavuno, na mke wake alithibitisha kwamba usiku huo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, alikula akamaliza.

Matonya ndiye aliyetoka wa kwanza. Alimwona dada yake ukutani, matope mpaka magotini, akalivuta sikio lake mpaka begani, kisha akapiga kiganja kifuani. Petro amekubali. Yudith aliinuka. Alimwambia kwa mikono kwamba alimkosea, kwamba siku ile alimwogopa baba yao aliyekwisha kufa kuliko alivyomwamini kaka yake aliye hai. Ilikuwa sentensi ndefu kwa mikono, na aliirudia mara mbili. Matonya alimtazama mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kama amekula.

Sadaka ilipokewa siku hiyohiyo. Mtamba aliwekwa katika zizi la Petro, na wazee wa kanisa walikubaliana kwamba akizaa, maziwa yatakuwa ya Emilia, asiyeweza kwenda kuyatafuta. Emilia alisema yeye hana neno na ng'ombe mweusi wala mwekundu, alimradi asimkanyage ule mguu mzima.

Lilibaki jambo moja. Siku ya ubatizo mtu wa kanisa ndiye aliyetakiwa kutafsiri maswali na majibu mbele ya watu, na Abbasi hakuwa mtu wa kanisa. Yudith asingekuwepo. Kasisi aliuliza nani atafanya kazi hiyo. Petro alisema ataifanya yeye, na akaomba muda wa kujifunza.

Alhamisi ya tarehe 2 Machi Yudith alipanda gari la moshi lililobeba mataruma na kwenda magharibi kwa mumewe. Ijumaa asubuhi Petro alikwenda machungani Miyuji akiwa na mkate wa uwele na fimbo, na Matonya akaanza kumfundisha. Ubatizo uliwekwa siku ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 1911, na mpaka siku hiyo Petro alikwenda machungani kila Ijumaa.